Babu yangu alikuwa wapi miaka ile? Kisahani chenye namba, jicho moja na hofu ya ruba

Mjukuu wa Heru
Wakuu, habari za muda. Naomba tusaidiane jambo la ukoo wangu, hasa nyie mliokulia na wazee wa Kigoma.

Babu mzaa baba alifariki Kasulu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mimi nikiwa shule ya msingi. Nililala naye chumba kimoja utoto wangu wote. Kinachojulikana ni kwamba aliondoka kijijini akiwa kijana ambaye hajaoa, akapotea miaka mingi mpaka wazazi wake wakamfanyia matanga, kisha akarudi na cherehani ya mkono na kabuti zito la kaki. Baba yangu alizaliwa 1952, kwa hiyo alirudi kabla ya hapo. Ukimuuliza alikuwa wapi alijibu "nilikuwa kazini", basi.

Nayakumbuka haya:

Alikuwa na kisahani cha madini ya njano chenye tundu juu, kimegongwa namba. Alikitunza ndani ya kopo la tumbaku, na aliyelishika kopo lile alichapwa.

Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe, halioni.

Kuni, nyasi za kuezekea, hata mabua, kwake lazima zifungwe matita ya 30. Ukileta tita la 28 unarudishwa.

Na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Mvua ikinyesha usiku alituamsha wajukuu, anatukalisha kigodani mmoja mmoja, anasogeza kibatari, anapitisha kidole gumba katikati ya vidole vya miguu yetu polepole, anageuza unyayo, anatazama nyuma ya goti. Anatafuta ruba. Sisi tunakaa mlimani, sijawahi kumwona ruba kijijini kwetu.

Baba ameshafariki, watoto wangu wameanza kuuliza na sina jibu. Je, mzee huyu alikuwa wapi?

Kobe Mjini
Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, vidole vya miguu? Babu alikuwa anatafuta funza huyo.

Mjukuu wa Heru
Kobe, funza alikuwa anatutoa bibi mchana kwa pini. Babu alikuwa akisema ruba, na alikuwa akifanya usiku wa mvua tu.

Mtoto wa Korogwe
Mleta mada, mimi nimezaliwa kambini, shamba la mkonge huku Korogwe, baba yangu Muha wa Kibondo. Babu yako alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, sina shaka.

Tita la 30 ni la mkonge. Mkataji anakata majani, anayafunga mzigo wa majani 30, anapanga mizigo kwenye mstari kando ya reli ya tiroli, nyapara anapita anahesabu. Mzigo ukipungua jani moja anaupiga teke unaanza upya. Baba yangu mpaka anastaafu alikuwa akifunga mchicha wa bustani hivyo hivyo.

Jicho pia. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama msumari. Ukiinama kukata la chini, la juu yake linakungoja usoni. Kambini kwetu wazee wa jicho moja hatukuwahesabu, walikuwa wengi. Halafu maji yake yanawasha, mikono inachubuka mpaka inakuwa ya magamba. Hebu kumbuka mikono ya babu yako.

Mjukuu wa Heru
Mikono ilikuwa na magamba, hasa huku chini karibu na viwiko. Sisi tulijua ni uzee. Asante sana kiongozi, umenigusa.

Nyasi Kavu
Tusikimbilie kufunga. Mtoto wa Korogwe ameeleza vizuri tita na jicho, lakini ruba ameziruka. Kabuti nalo hajaligusa.

Mimi naona huyu mzee alikuwa keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza), tena wa Bama (Burma, Myanmar ya leo). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Bama, katikati ya mwaka 1944, masika ya kule yakiwa yamepamba moto. Njia zilikuwa tope la magotini, malori hayapiti, mizigo inaangushwa kwa ndege. Askari walikuwa wakivua buti jioni wanakuta ruba wamejaa damu kati ya vidole, na kazi ya kukaguana miguu ilikuwa ya kila siku, kwa sababu kidonda cha ruba kikiingia uchafu mtu anashindwa kutembea. Wakasonga hivyo hivyo mpaka Kalewa, Desemba 1944, wakavuka mto Chindwin.

Watanganyika walikuwamo, si Wakenya na Wanyasa peke yao. Batalioni ya 26 na ya 36 za KAR zilikuwa za Tanganyika.

Mtu anayeogopa ruba kwenye mlima usio na ruba, kila mvua ya usiku, huyo kuna mahali palimfundisha.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Hamjambo wanangu. Nyasi Kavu, nani kakwambia Kasulu hakuna ruba? Mlimani sawa, lakini vijana wa zamani walikuwa wakishuka mabondeni, upande wa Malagarasi, kuvua na kuwinda. Ruba wa kule namjua mimi mwenyewe, amenikamata nikiwa msichana nachota maji. Halikuhitaji Bama.

Nyasi Kavu
Shikamoo Bi Mkubwa, nimekusoma. Ila wa Malagarasi unampata ukiingia majini. Mzee alikuwa anawakagua watoto waliolala kitandani mvua ikiwa nje. Ruba wa msitu wa Bama anakaa kwenye majani na nyasi, mvua ikinyesha anatoka anakufuata.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Marahaba. Hapo umenijibu, ingawa sijakubali yote.

Kijana wa Machakos
Mimi ni Mkenya, naomba nichangie kuhusu hicho kisahani. Huku kwetu wazee walivalishwa kipande shingoni. Kilianza kutumika baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919 na 1920, karatasi ya alama za vidole na majina ya waajiri imewekwa ndani ya kikopo cha chuma, na ilikuwa kosa kutembea bila hicho kikopo. Kiliondolewa 1947. Babu yangu alichukia kile kitu kiasi kwamba hakuvaa hata rozari maisha yake yote. Je, huyo mzee hakufanya kazi Kenya, kwenye mashamba ya chai au kahawa?

Tena sisi Wakamba keya tulitoa wengi sana. Soko la Burma pale Nairobi nadhani mnalijua.

Mjukuu wa Heru
Karibu jirani. Kisahani chake kilikuwa bapa, si kikopo. Kidogo, ungekiweka kwenye kiganja cha mtoto na kikabaki na nafasi.

Mkivu wa Bukavu
Jambo ndugu wote. Huku Kongo, wakati wa Wabelgiji, mwanaume aliyelipa kodi alipewa kisahani cha chuma, anakivaa shingoni na kamba ili polisi akikutana naye aone amelipa. Kigoma na Wabelgiji waliwahi kuishika, tangu 1916 hadi 1921. Mimi ninauliza tu, pengine hicho kitu kilikuwa cha baba yake, yeye alikirithi.

Kobe Mjini
Uzi ulianza na babu mmoja, sasa tuna mababu wawili. Endeleeni, mimi sitoki hapa.

Reli ya Kati
Mkivu ametoa hoja nzuri, tusiipuuze. Lakini nirudi kwa hao waliotangulia.

Nyasi Kavu, vitambulisho vya shingoni vya jeshi la Mwingereza vita vya pili havikuwa vya shaba. Vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, kimoja cha kijani, kimoja chekundu. Kwa hiyo kisahani cha njano hakimpeleki mzee jeshini moja kwa moja.

Kabuti nalo si ushahidi. Baada ya 1945 makabuti ya jeshi yaliuzwa madukani na minadani, kila mlinzi wa usiku alikuwa nalo.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na kule karakana kila mtu alikuwa na visahani vya shaba vyenye namba yake. Ukiazima spana unaacha kisahani chako kwenye msumari, ukirudisha spana unachukua kisahani. Migodini nako walikuwa na utaratibu kama huo. Sasa jiulizeni, kijana wa Kasulu anatafuta kazi, atavuka nchi nzima mpaka Tanga wakati jirani tu kuna chumvi ya Uvinza, na Mpanda kuna mgodi wa madini ya risasi ambao reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake?

Mtoto wa Korogwe
Atavuka ndiyo! Walivuka maelfu. Wakala wa mashamba alikuwa anafika mpaka kwao. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kusajili vibarua, SILABU, wazee wanaitaja mpaka leo. Unapewa blanketi, unapandishwa treni Kigoma, unashukia Korogwe, unagawiwa shamba.

Reli ya Kati
Hapo kwenye treni nikurekebishe ndugu yangu. Mwaka huo huwezi kutoka Kigoma ukashukia Korogwe kwa treni. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika 1963. Kabla ya hapo manamba walishuka njiani wakamaliza safari kwa lori.

Mtoto wa Korogwe
Baba alikuja baada ya uhuru, ndiyo maana yeye alikuja na treni mpaka mwisho. Kwa babu wa mleta mada lori linakubalika. Na hilo linaweza kusaidia: mkuu, babu aliwahi kusimulia safari ya lori?

Mjukuu wa Heru
Lori sikumbuki. Alikuwa na kisa kimoja cha watu kulala wamesimama kwa kukosa nafasi, na mmoja akatapika njia nzima. Tulicheka kila alipokirudia. Hakusema kama ni lori, treni au meli.

Nyasi Kavu
Meli! Kutapika njia nzima ni meli hiyo. Keya walipakiwa Mombasa kwenda Colombo. Meli moja, Khedive Ismail, ilizamishwa na manowari ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliopita bahari ile baada ya hapo walikuwa wanajua kilichowapata wenzao, na walipanda hivyo hivyo.

Mama Nyakato
Samahani, mimi huwa nasoma tu, leo nimejisajili kwa sababu ya uzi huu. Kwetu ni Manyovu. Watu wa mjini mkipanda malori yetu ya zamani mngejua kwamba kutapika si lazima kuwe na bahari.

Babu yangu alikuwa Tanga, Muheza. Hakwenda kwa kupenda. Mjapani alipochukua Ufilipino na visiwa vya Wadachi mwaka 1942, Mwingereza alikosa nyuzi za kamba za kule, akategemea mkonge wa kwetu. Ikawa vijana wanakamatwa kwa amri wanapelekwa mashambani, jumbe anaambiwa idadi, jumbe anachagua. Babu alichaguliwa kwa sababu kaka yake alikuwa na ugomvi na jumbe. Alikuwa akisema hilo kwa uchungu kuliko kazi yenyewe.

Kwa hiyo mkimwona mzee anasema "nilikuwa kazini" na kunyamaza, jueni inawezekana hakwenda kutafuta kazi. Alipelekwa. Na kusema alipelekwa na nani ni kufukua ugomvi wa majirani ambao wajukuu zao wanaoana leo.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Mama Nyakato, umesema neno. Tumekulia hayo. Kuna majina hayatajwi mezani.

Mjukuu wa Heru
Mama Nyakato, nimesoma bandiko lako mara kadhaa. Kuna ukoo mmoja kijijini babu hakuingia nyumba yao hata msibani. Alikuwa akisimama barabarani, anavua kofia, anaondoka. Sisi tulidhani ni mambo ya dini.

Lindi Kwetu
Jamani na mpango wa Mwingereza wa kulima karanga mmeusahau? Ulianza 1947, ukafa 1951. Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Urambo si mbali na hao wa Kigoma, na reli inapita. Babu yangu aliendesha trekta lililotengenezwa kutokana na kifaru cha vita. Aliporudi nyumbani alikuwa na kabuti, kofia ya jeshi na mabuti, na hajawahi kushika bunduki.

Kobe Mjini
Lindi, karanga zenyewe zilipatikana?

Lindi Kwetu
Hazikupatikana za maana, lakini tulipata bandari ya Mtwara, na reli ambayo baadaye waliing'oa. Huo uzi mwingine, tusimwibie mwenzetu.

Mjukuu wa Heru
Wakuu nimerudi. Jana nimempigia shangazi, dada mkubwa wa baba, yupo Uvinza. Nawawekea alivyosema.

Kwanza, kisahani anakikumbuka, ila anasema kilikuwa cheupe, si cha njano. Binamu yangu aliyekuwa pembeni akasema kilikuwa cha njano na kilikuwa na herufi mbele ya namba. Wakaanza kubishana simu ikiwa mkononi. Kiko wapi, hakuna anayejua. Shangazi anadhani kilipotea kwenye kuhama, Operesheni ya 1972, walipobebwa na malori kupelekwa kijiji kipya, vitu vingi vikaachwa. Lakini mimi nimekiona miaka ya 1980! Ama nilichokiona ni kingine, ama shangazi amechanganya.

Pili, babu alizaliwa "mwaka ambao watu walihamishwa kwa sababu ya malale", au alikuwa anatembea tayari mwaka huo. Hana uhakika.

Tatu, na hili limenishangaza: usingizini babu alikuwa anatoa amri. Anasema maneno ambayo bibi hakuyajua, si Kiha wala Kiswahili.

Nyasi Kavu
Amri usingizini. Sina la kuongeza.

Mtoto wa Korogwe
Nyapara naye anatoa amri. Na mashambani walikuwa Wagiriki, Waswisi, Wahindi, Waingereza. Baba yangu alijua matusi ya Kigiriki mpaka anakufa, na shule hakukanyaga.

Mwalimu Mstaafu
Nimefuatilia kimya kimya. Hilo la malale ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu wa Buha walikusanywa kwenye makazi mapya kwa ajili ya malale miaka ya 1930. Kama kweli mzee alizaliwa wakati huo, mwaka 1944 alikuwa mtoto, Bama inaanguka, na hata kukamatwa kwa ajili ya mkonge kunaanguka. Kama alikuwa anachunga mbuzi tayari, basi bado yumo. Mleta mada, msumbue tena shangazi: babu alipohamishwa alikuwa mgongoni, anatembea, au anabeba mzigo? Wazee wanalijibu swali la hivyo kuliko la mwaka.

Uliza pia rika lake. Alitahiriwa, alibatizwa, au alioa pamoja na nani? Vitabu vya ubatizo vya misheni bado vipo parokia nyingi, vina jina la baba, la mama na la msimamizi.

Nyasi Kavu
Mwalimu, kwa heshima, "alizaliwa mwaka wa malale" mara nyingi ni kumbukumbu ya mtoto wake aliyesikia hadithi, si ya mwenyewe. Baba alizaliwa 1952, na shangazi ni mkubwa kwa baba. Mwanaume aliyezaliwa 1933 hawezi kuwa amepotea miaka mingi, amefanyiwa matanga, amerudi, ameoa, na ana mtoto wa pili 1952. Hesabu inakataa.

Mwalimu Mstaafu
Hesabu hiyo nimeikubali. Basi alikuwa anatembea.

Reli ya Kati
Anatembea au anachunga? Maana kama mwaka 1933 alikuwa na miaka mitano, mwaka 1944 ana 16. Walikuwa wanaongeza umri ili wachukuliwe, au wanaongezewa na jumbe. Mgodi wa Mpanda bado haujatoka kichwani mwangu.

Kobe Mjini
Reli ya Kati atampeleka kila mtu Mpanda. Lakini jamani, nimechekesha watu humu tangu juzi, acha niseme la kweli. Bibi yangu alitulaza na viatu vikiwa mlangoni vimeelekea nje. Kila usiku, mpaka amekufa. Hatukumuuliza. Mimi ni wa Ngara, na mnajua Ngara imepokea wakimbizi wa zamani hizo zote. Mpaka leo sijui kama bibi alikuwa mwenyeji au alikuja mbio. Mjukuu wa Heru, muulize shangazi kila kitu, hata kama anakereka.

Mama Nyakato
Pole Kobe. Wana wa ndugu zake bado wapo?

Kobe Mjini
Yupo mmoja, Rulenge. Nimetafuta namba yake leo asubuhi.

Mjukuu wa Heru
Mwezi ujao naenda Kasulu, nitaanzia parokiani, kisha Uvinza kwa shangazi. Kuna mzee pia, aliyekuwa akinywa pombe na babu, nasikia bado anasikia vizuri na anaongea. Yeye ni wa ule ukoo ambao babu hakuingia nyumba yao, sasa sijui walikuwa wanakunywa wapi. Mtoto wa Korogwe, nipe maswali ya mkonge ya kumuuliza. Nyasi Kavu, wewe ya jeshi.

Mtoto wa Korogwe
Muulize posho ilikuwa nini na ilitolewa siku gani. Muulize kipande chao, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku ngapi, akisema 30 na kwamba ukiumwa siku hiyo haichorwi, huyo alikuwa mkongeni. Mwache ataje korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mwenyewe, usimtajie.

Nyasi Kavu
Muulize kama babu alikuwa na beji au kiraka cha kichwa cha kifaru (yule mnyama) begani, ndiyo alama ya Divisheni ya 11. Na muulize alikula nini kilichomshangaza. Nenda na mtu anayejua Kiha cha ndani, na urekodi sauti.

Bi Mkubwa wa Ujiji
Mpelekee tumbaku na sukari, usimpe hela mkononi mbele za watu. Na usianze na ugomvi. Anza na wake walioolewa mwaka mmoja na bibi yako.

Mbozi Mkavu
Wakuu nimechelewa, hongereni kwa uzi. Mimi babu yangu wa Mbozi alikwenda Johannesburg kwa Wenela, waliokuwa wakisajili vibarua wa migodi ya dhahabu. Naye alirudi na kisahani chenye namba, kipo, nimekishika sasa hivi. Ni cha shaba, kina tundu juu, namba tano. Herufi hakina. Je, Wenela waliwahi kuchukua watu mpaka Kigoma, au walikuwa wakichukua huku kusini tu?

Reli ya Kati
Mbozi, tupia picha, pande zote mbili, na uweke sarafu pembeni tuone ukubwa.